Anza na Kikombe, Kanuni Ifuate

Mtahiniwa, huenda umeshakutana na hali hii. Uko katikati ya marudio, mdogo wako wa darasa la tano anakuletea daftari: "Nisaidie kubadili 2¾ kuwa sehemu guni." Unamjibu haraka: zidisha namba nzima kwa asili, jumlisha kiasi, andika juu ya asili ileile. Anaandika 11/4, anapata vema. Kwa maoni yangu, hujamfundisha; umemkaririsha.

Kama unaishi Kigoma au Ujiji, mfano mzuri uko jikoni: mawese. Mwambie mteja anataka lita mbili na robo tatu, na kikombe cha kupimia ni cha robo lita. Atamimina mara ngapi? Lita ya kwanza vikombe 4, ya pili vikombe 4, robo tatu vikombe 3. Jumla 11. Kila kikombe ni robo, hivyo ni 11/4. Sasa mwoneshe kwamba 2 × 4 + 3 ni njia ya mkato ya kuhesabu vikombe hivyo. Kisha mrudishe nyuma: ana vikombe 11, kila vinne vinajaza lita moja. Zimejaa lita 2, vimebaki vikombe 3. Mafuta ni yaleyale. Kilichobadilika ni namna ya kuyataja.

Wapo watakaosema kanuni inaokoa muda. Ni kweli, wala sisemi itupwe. Lakini kanuni isiyoeleweka hugeuka kichwani. Mtoto atazidisha 2 kwa 3, ajumlishe 4, apate 10/4, na asishtuke. Aliyehesabu vikombe atauliza: mbona robo moja imepotea?

Na wewe je? Jipime kwa 2¾ × 1⅓. Ukizidisha namba nzima kwa namba nzima na sehemu kwa sehemu, utapata 2¼. Kosa hilo linaonekana hata kabla ya kukokotoa upya: ukizidisha 2¾ kwa namba inayozidi 1, jibu lazima liwe kubwa kuliko 2¾. Badili kwanza: 11/4 × 4/3 = 11/3, yaani 3⅔.

Kumbuka pia kwamba ulipoingia kidato cha kwanza, majina yote haya yaligeuka Kiingereza. Aliyekariri maneno ya Kiswahili alilazimika kukariri upya. Aliyeelewa vikombe alijifunza jina jipya tu la kitu anachokijua.

Kwa hiyo mdogo wako akija tena, usimfukuze kwa kisingizio cha mtihani. Chukua kikombe na maji kama mafuta ni ghali, mpime pamoja. Usipoweza kumweleza kwa nini tunazidisha na kwa nini tunagawanya, umegundua mada ya kurudia usiku huohuo, kabla msimamizi hajakuwekea karatasi mezani.