Farasi kwa Kilo, Kilo za Nani?

Alhamisi usiku, kando ya hoteli ya Sheraton ya Doha, pale West Bay inapokatika na bahari ikaanza, pikipiki kubwa huegeshwa ubavu kwa ubavu na wenyewe hukaa ukingoni, chai ya karak mkononi. Waswahili hatukosekani. Kuna mhasibu, kuna fundi wa viyoyozi, kuna mlinzi aliyetoka zamu kwenye mmojawapo wa minara iliyo nyuma yetu, na wote wana la kusema juu ya chombo ambacho wengi wao hawakimiliki. Majuzi kijana mmoja wa Mombasa, aliyedunduliza mshahara kwa miaka mitatu, alinionyesha jedwali kwenye simu yake. Safu ya kwanza ni majina ya pikipiki za daraja la kati, hizi za cc 600 mpaka 900. Safu ya pili ni namba moja tu: nguvu za farasi zikigawanywa kwa kilo za pikipiki. Itakayokuwa juu kabisa ndiyo atakayoinunua.

"Mzee, namba haina ndugu," akaniambia.

Haina ndugu, kweli. Lakini ina baba, na mara nyingi baba yake ni mtu wa mauzo.

Imani kwamba uwiano wa nguvu na uzito ndio hakimu wa pikipiki imeota mizizi kiasi kwamba anayeihoji huonekana hajui mambo. Mimi naihoji. Kwa daraja la kati hasa, naona namba hii humfaa muuzaji kuliko mwendeshaji. Na nianze na kosa dogo.

Pikipiki mbili zilikuwa zinashindana kwenye jedwali la kijana wetu. Yamaha MT-07 ina farasi 73 hivi na kilo 184, sawa na 0.40 kwa kilo. KTM 790 Duke, kama ilivyotoka 2018, ina farasi 105 na kilo 169, yaani 0.62. Mbingu na ardhi! Ila zile kilo 184 za Yamaha zimepimwa tangi likiwa limejaa, oili imo, maji ya rejeta yamo. Kilo 169 za KTM ni uzito mkavu. Tangi lake ni la lita 14. Petroli peke yake ni kilo kumi na ushei, na ukitia majimaji mengine unaikaribia 185. Uwiano unashuka hadi 0.57. KTM bado inaongoza, sikatai, lakini karibu robo ya lile pengo ilikuwa tangi tupu. Kampuni hazikumdanganya mtu, kila moja ilisema ilichopima. Aliyejidanganya ni yule aliyechukua kibaba cha mfuto na kibaba cha tele akavipanga safu moja. Bibi yangu, aliyeuza mchele Tanga, angemfukuza mnunuzi wa namna hiyo kabla hajafungua kikapu.

Sasa kosa kubwa. Katika hesabu yote ile hamna mtu.

Pikipiki haiendi peke yake. Gari la tani moja na nusu likipandwa na mtu mnene halitambui sana. Pikipiki ya kilo 184 inatambua mara moja. Mimi nina kilo 94 kabla ya helmeti, jaketi na buti. Nikivaa vyote ni 102. Ninayekaa naye chumba kimoja ana kilo 62, akivaa anafika 70. Tukipokezana MT-07 ileile, yeye anapata farasi 0.29 kwa kila kilo inayosogea, mimi napata 0.26. Ili nimfikie ningehitaji injini ya farasi 82. Maana yake biriani za Ijumaa zimenilia farasi tisa, karibu mara mbili ya tofauti iliyopo kati ya Yamaha hiyo na Kawasaki Z650 ya farasi 68, tofauti ambayo nimeona watu wakinuniana kwa ajili yake hapa ukingoni.

Mtetezi wa uwiano hupenda kunijibu kwamba hata serikali zinautumia. Zinautumia. Ulaya, leseni ya A2 inamwekea mwendeshaji mpaka wa kilowati 35, na uwiano usiozidi kilowati 0.2 kwa kilo, na kilo hizo ni za pikipiki bila mtu. Australia nao wana mpaka kwa wanaojifunza: injini isizidi cc 660, na nguvu zisizidi kilowati 150 kwa tani. Lakini tazama ustaarabu wao: kabla ya kugawanya, wanaongeza kilo 90 za mwendeshaji na mavazi yake. Kwa hiyo hata wenye sheria hawajakubaliana kilo za kuhesabu ni zipi. Isitoshe, wote wawili wameufanya uwiano kuwa uzio, wa kumzuia mgeni asichukue chombo kitakachomshinda. Uzio wa shamba haujawahi kumwambia mtu mahindi yapi ni matamu.

Tuje kwenye hao farasi wenyewe. Honda CB650R ina farasi 95 na kilo kama 203. Uwiano wake ni 0.47, na kwenye jedwali inaikalia MT-07 kichwani. Muulize mwenye jedwali hao farasi 95 wanapatikana wapi. Wako kwenye mizunguko 12,000 kwa dakika. Torki, ule mvuto unaousikia mgongoni ukivuta mafuta, kwa Honda ni Nm 63 hivi kwenye mizunguko 9,500. Yamaha yenye farasi pungufu ya hao kwa zaidi ya ishirini ina torki ya Nm 67, na inaitoa kwenye 6,500. Kutoka hapa Sheraton hadi City Center kuna taa, vivuko vya pundamilia, teksi zinazosimama ghafla na magari makubwa meupe yanayohama njia bila kuuliza. Nani anafika mizunguko 12,000 hapo, na akifika anakwenda wapi? Mwenye Honda atasema shusha gia, zungusha injini. Sawa, na ni injini tamu kweli ikizungushwa. Lakini hapo atakuwa amekiri kwamba namba ile ina sharti, na sharti hilo halikuandikwa kwenye simu ya kijana.

Na taa ikiwaka kijani? Gia ya kwanza, MT-07 ukiivuta kwa pupa inanyanyua tairi la mbele. Triumph Street Triple 765 RS, yenye farasi 130 na kilo 188, nayo inanyanyua. Tairi likishaanza kupaa, farasi wote waliobaki hawana kazi; unawafunga breki wewe mwenyewe kwa mkono wa kulia. Mita za kwanza baada ya taa zinaamuliwa na urefu wa pikipiki kati ya tairi na tairi, na mahali ulipokaa wewe. Uzito wa mtu aliyeinama mbele unafanya kazi ambayo jedwali linaihesabu kuwa hasara. Waliowahi kuona mashua zikishindana Lamu wanajua: upepo ukikaza, mabaharia hutambaa nje juu ya ubao, na ni uzito wa miili yao unaoiruhusu mashua kubeba tanga lote.

Halafu joto. Nguvu zinazoandikwa kwenye karatasi hupimwa, au hurekebishwa, kwa hewa ya nyuzi 25. Doha ya Julai ina siku za nyuzi 45. Hewa ya 45 ni nyepesi kuliko ya 25 kwa kama asilimia 6, na injini inakula hewa kabla ya kula petroli. Wale farasi 73 hawafiki West Bay wote, wengine wanafia njiani kwa kiu. Utaniambia pikipiki zote zinapungukiwa sawasawa, uwiano unabaki palepale. Kwa injini, ndiyo. Kwa mtu, hapana. Feni ya rejeta inapokupulizia goti moto uliokwisha pita kwenye injini, taa ikiwa nyekundu na lami chini inachemka, pikipiki nzuri ni ile ambayo ukiwa juu yake bado unaweza kufikiri. Serikali ya Qatar yenyewe imekubali kwamba binadamu ana mpaka: tangu 2021, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, kazi za juani zimekatazwa toka saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Hakuna safu ya jedwali inayoandikwa saa tisa alasiri.

Wanaoendesha kuliko sisi sote mtaani hapa ni vijana wanaopeleka chakula, na miongoni mwao mna Wakenya na Waganda wengi. Wanapita chini ya Tornado Tower na ule mnara wa Jean Nouvel wenye ngozi kama mashrabiya, sanduku mgongoni mwa pikipiki, injini ndogo ambayo watu wa ukingoni hawaitazami mara mbili. Nimewahi kuwauliza chombo kizuri ni kipi. Mmoja akazungumzia klachi, kwamba baada ya saa tisa kazini kidole kinakataa. Mwingine akataja siti. Wa tatu, aliyewahi kuendesha bodaboda Kisumu, akacheka tu. Kwao Boxer ya farasi kama 12 imebeba dereva, mama, mtoto na gunia la viazi, mishikaki juu ya mishikaki, ikapanda mlima. Piga hesabu ya uwiano hapo uone kama namba hiyo ingeruhusu safari kuanza.

Ila najua mahali ambapo mabishano haya huishia kila mara, nusu saa kaskazini ya hapa, kwenye uwanja wa mbio wa Losail. "Huko," wananiambia, "uwiano ndio kila kitu." Basi twende huko.

MotoGP, mashindano ya dunia ya pikipiki, imekuwa ikija Losail tangu 2004. Mzunguko ni kama kilomita 5.4, na sehemu iliyonyooka ni ya mita 1,068, mahali panapofaa kabisa kwa pikipiki yenye nguvu. Kanuni inazipa pikipiki zote za MotoGP uzito mmoja wa chini, kilo 157, kwa hiyo mwenye farasi wengi ndiye mwenye uwiano. Machi 2021, kwenye mazoezi ya Jumamosi, Johann Zarco wa Ducati alipimwa akienda kilomita 362.4 kwa saa, kasi ambayo mchezo ule haukuwahi kuiona. Kesho yake, Machi 28, akashinda Maverick Viñales. Yamaha. Wiki iliyofuata, Aprili 4, uwanja uleule, akashinda Fabio Quartararo. Yamaha tena, pikipiki ambayo ikifika kwenye mnyoofu ilikuwa inapitwa kama imesimama. Zarco alikuwa wa pili mara zote mbili.

Wajuzi hunirudishia 2007, Casey Stoner alipomtambuka Valentino Rossi kwenye mnyoofu huohuo kwa nguvu za Ducati na kushinda mbio za kwanza za msimu. Mfano mzuri, wala siukimbii. Stoner alishinda mbio kumi mwaka ule na kuchukua ubingwa. Loris Capirossi, aliyekuwa naye timu moja juu ya Ducati ileile, farasi walewale, kilo zilezile, alishinda mbio moja.

Na kama bado hujatosheka, tazama Moto2, mbio zilizo chini ya MotoGP, maana hilo ndilo daraja letu la kati hasa. Tangu 2019 wote wanatumia injini ya aina moja, Triumph ya cc 765, ndugu wa ile iliyomo kwenye Street Triple, na mbio za kwanza za injini hiyo zilifanyika hapahapa Losail, Machi 2019. Mizani ya Moto2 humpima mwendeshaji pamoja na pikipiki yake, ili mwembamba asiwe na cha bure. Nguvu moja, na uzito umesawazishwa kadiri kanuni inavyoweza. Kwa imani ya jedwali wangefika mwisho wote kwa pamoja, wamepangana kama kandambili mlangoni mwa msikiti. Alishinda Lorenzo Baldassarri, na nyuma yake kulikuwa na foleni.

Sisemi namba ni upuuzi. Kwenye barabara pana ya kwenda Al Khor, ukitoka 80 kwenda 120 kumpita lori, nguvu kwa kilo inasema kweli, mradi umejihesabu na wewe. Na ukiniambia Street Triple itaiacha Royal Enfield Interceptor 650 ya farasi 47 na kilo zaidi ya 200, nitakubali, ingawa hilo hata mama ntilie angeling'amua kwa mlio. Namba inapiga kelele mahali ambapo hukuihitaji. Pale ambapo pikipiki mbili zinakaribiana na unaihitaji kweli, tofauti yake inamezwa na tangi, na joto, na tumbo.

Kijana wa Mombasa alinisikiliza mpaka karak ikapoa. Kisha akaweka simu mfukoni, nadhani kwa heshima tu, akauliza: "Sasa Mzee, unanishauri nichukue ipi?"

Nikamwambia nitamjibu, ila kwanza anitajie yeye ana kilo ngapi. Za pikipiki kumi na nne alikuwa nazo kichwani, mpaka gramu. Zake hakuzijua.