Mama mkwe anataka kuona harusi

Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulikuwa ukweni, Ruponda kule Nachingwea. Deki ya mama mkwe ilishakufa zamani, akanikabidhi DVD ya harusi yetu ya 2008. "Mwanangu, niwekee nimwone baba yenu." Marehemu anacheza humo, na video yake nyingine hatuna.

Nikaichomeka laptop. Kimya! Mume wangu akaanza, eti CD nimeikwaruza mimi. Jamani, nilinuna.

Kumbe CD haina kosa lolote. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows Media Player haiji na uwezo wa kucheza DVD. Programu za kununua zipo, ila kwa nini utoe hela wakati VLC ni ya bure? Ilianzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na kila inachohitaji kusoma DVD kimo ndani yake. Ichukue videolan.org, siyo kwenye tovuti za ajabu ajabu utakazotoka nazo na virusi. Ukiifungua, bonyeza Media, halafu Open Disc. (Laptop yako haina sehemu ya CD? Zinauzwa za kuchomeka kwa USB.)

Bando langu lilikata programu ikiwa imeshashuka. Mama akaangalia mara mbili, ya pili bila kusema neno. Usiku nikainakili yote kwenye flashi.

Mume wangu? Msamaha hajaniomba mpaka leo.