JEKI SI STENDI

Fundi wetu wa gereji hapa shambani ameumia mkono alipokuwa akirudisha fremu ndogo ya mbele ya gari la meneja, ile ambayo mafundi huiita krosmemba. Barua ya uongozi inasema ni uzembe wake. Mimi nakataa.

Ninyi wachuma chai pengine hamuijui kazi hii. Krosmemba ni chuma kizito kinachofungwa kwa bolti chini ya gari. Mikono ya magurudumu ya mbele hushikwa hapo, na mara nyingi stelingi na egemeo la injini pia. Ukiifungua bila kuishikilia injini kwa juu, injini inainama. Ukiishusha kwa jeki moja, inapinduka. Basi gari likae juu ya stendi imara zilizowekwa chini ya bodi, siyo chini ya krosmemba yenyewe. Injini ining'inizwe kwa boriti au cheni. Halafu watu wawili waiteremshe kwa jeki mbili, polepole.

Fundi wetu alikuwa na nini? Jeki moja inayovuja mafuta, kamba ya katani na matofali. Stendi aliomba mara tatu. Akaambiwa hakuna fedha.

Tena kurudisha ni kugumu kuliko kufungua. Lazima uwe umeweka alama mahali pa zamani, bolti zote uzianze kwa mkono, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Magari mengi yanataka bolti mpya, maana za zamani zimekwisha kuvutika. Yeye alipewa zile zile. Meneja hupakia watoto wake katika gari hilo. Sijui kama aliliwaza hilo.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema usalama kazini usimgharimu mfanyakazi chochote. Kifungu cha 13 kinamlinda anayejiondoa penye hatari kubwa ya papo hapo. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi.

Kamati ya tawi inadai stendi nne, cheni ya kunyanyulia injini, spana ya kipimo, matibabu ya mwenzetu, na barua ile ifutwe. Mpaka vifaa vifike, mafundi wamekubaliana kwamba hakuna atakayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata likiwa la meneja.