Fishi ya mgonjwa si gazeti la kartye

Ndugu vijana wa Kolwezi, wa Fungurume na wa Lualaba nzima,

Kila siku tunaongea juu ya shaba na kobalti. Leo tunasema juu ya kitu kingine chenye kutoka kwetu bila sisi kuulizwa: siri ya ugonjwa wetu.

Kila mtu anajua namna inaendeka katika santre nyingi za mtaa. Rejista iko wazi juu ya meza. Jina linaitwa kwa sauti kubwa, pamoja na ugonjwa. Matokeo ya labo yanapigwa picha na telefone ya muganga mwenyewe na kutumwa kwa WhatsApp. Pale kompyuta iko, wote wanatumia neno la siri moja, tena limeandikwa kwa karatasi pembeni. Jioni kartye nzima inasema: «Ule njo nilimuona ku santre, alikuwa anakamata dawa.»

Hatusemi waganga ni wabaya. Wengi wanatumika na mshahara mdogo, bila kabati yenye kufuli, na telefone wanajinunulia wenyewe. Lakini ukosefu huo hauondoi haki ya mgonjwa.

Hapa kwetu siri hiyo ina bei. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba wakaaji wa Kasulo, zaidi watoto, wana kobalti nyingi katika mkojo na damu. Maana yake, karatasi ya labo ya Kolwezi inaweza kuwa ushahidi. Ikiwa mkononi mwako, inakusaidia kudai haki. Ikifika kwa bwana wa kazi mbele yako, inaweza kukukosesha mkataba. Dada mwenye kuogopa jina lake litembee haendi kupimwa. Mchimbaji mwenye kukohoa anakimbilia dawa za barabarani.

Sheria iko. Katiba, kifungu cha 31, inalinda maisha ya binafsi ya kila mtu. Kanuni ya adhabu, kifungu cha 73, inamwadhibu mwenye kutoa siri aliyopewa kwa sababu ya kazi yake. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda watu wenye kuishi na virusi vya UKIMWI. Na Kanuni ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za watu zenye kuwekwa katika mashini.

Wengine walishapigana na wakashinda. Mwezi wa pili 2015, rais wa Kenya, Uhuru Kenyatta, aliagiza kuandikwe orodha ya watoto wa shule wenye virusi vya UKIMWI. Mashirika ya raia yalienda mahakamani. Mwezi wa 12, 2016, Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema agizo hilo linavunja katiba. Serikali ilikuwa inasema inataka kusaidia. Hata msaada unapaswa kuheshimu siri.

Basi tunaomba serikali ya jimbo na wakubwa wa zone za afya:

1. Kila santre ipate kabati yenye kufuli na pahali pa kuongea na mgonjwa peke yake.
2. Kila mfanyakazi awe na neno la siri lake kwa kompyuta.
3. Picha za matokeo zisipite tena katika grupu za WhatsApp.
4. Kampuni yoyote isipewe fishi ya mtu bila mwenyewe kukubali kwa maandishi.

Na sisi wenyewe tuanze. Funga telefone yako kwa kode. Usimpe mtu namba za kuhakikisha zenye WhatsApp inakutumia, hata akisema yeye ni muganga. Usipitishe karatasi ya ugonjwa ya mwenzako, hata kwa huruma.

Kesho ukienda ku santre, uliza kwa heshima: «Docteur, fishi yangu inabakia wapi, na nani anaisoma?» Ulizo hilo halilipwi hata franka moja. Tukiliuliza wote, kutoka Manika mpaka Dilala, watalazimika kutujibu.