Pesa za Inua Jamii na swali la dawa: ulipie SHA au uende kemisti?

Anayepokea Inua Jamii kwa sababu ya ulemavu mkubwa hutengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa wateja wetu wa Magadi, Oloika na Shompole, pesa hizo huwa zimeshapangiwa kazi kabla hata simu haijalia: unga, maji, deni la dukani. Halafu kuna dawa. Dawa ya kifafa au ya presha haisubiri malipo yatoke. Ndiyo maana swali hili halituishii: nilipie SHA, au niweke pesa ya kemisti?

Maoni yetu ni haya: jisajili leo, lakini usilipe chochote kabla hujajua dawa yako inatoka mfuko gani.

Mifuko mitatu, kazi tatu

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mfuko wa kwanza ni wa huduma za msingi katika dispensari na vituo vya afya (level 2 na 3). Hapa huhitaji kuchangia, kujisajili tu kunatosha. Mfuko wa pili ndio ule wa kuchangia, na unakusaidia zaidi ukilazwa au ukifanyiwa upasuaji katika hospitali za level 4 kwenda juu. Wa tatu ni wa dharura, na pia wa magonjwa sugu na mazito pale ambapo kiwango cha mfuko wa pili kimeisha.

Wengi huchanganyikiwa hapo. Mtu analipa mchango akidhani dawa zake zote za kila mwezi zimeshalipiwa. Lakini ukienda dispensari, ukapimwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, huo ni mfuko wa kwanza. Na kama dawa haiko kwenye rafu, utaandikiwa karatasi uende kemisti, na hapo unalipa kutoka mfukoni, uwe umechangia au hujachangia.

Tusichokubaliana nacho

Kwa asiye na mshahara, mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Inasikika kidogo, lakini unatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mara moja: shilingi 3,600. Hizo ni karibu pesa zote za Inua Jamii za miezi miwili. Nani anayelea mtoto mwenye ulemavu atakaa miezi miwili bila unga ili alipe bima?

Sisi kazi yetu ni malipo. Tunajua simu inaweza kupokea shilingi 10 kwa siku bila shida yoyote. Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, na ni hatua nzuri, lakini huo ni mkopo wa kulipia mchango. Uliza gharama yake kabla ya kukubali. Tunaona mnufaika wa Inua Jamii angeruhusiwa kuchangia kidogo kidogo bila kukopa, au alipiwe kabisa.

Umbali nao unahesabika. Wa Kitengela ana hospitali na kemisti karibu. Wa Magadi akitumwa hospitali ya rufaa ya Kajiado kwa barabara ya lami, hupanda kwanza hadi Kiserian, kisha ashuke Isinya ndipo afike. Nauli hiyo hakuna mfuko wa SHA unaoilipa.

Kabla hujalipa, fanya haya

1. Jisajili kwa *147# au kwenye kituo cha afya. Kujisajili ni bure, kwa hivyo anayekuomba "ya kujaza fomu" anakuibia.

2. Nenda dispensari na jina la dawa yako. Uliza: huwa mnayo? Kama hamna, ipo ya bei nafuu yenye kiambato kile kile? Naweza kupewa ya zaidi ya mwezi mmoja? Usibadilishe wala kupunguza dozi mwenyewe ili ifike mwisho wa mwezi.

3. Uliza kama utalipiwa. Oktoba 2025 serikali ilizindua mpango wa kuwalipia SHA Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza. Ulizia jina lako kwa chifu au afisa wa ustawi wa jamii kabla ya kutoa 3,600 zako.

4. Angalia familia. Mchango mmoja ni wa nyumba nzima. Mtu mzima mwenye ulemavu anayeishi na wazazi na kuwategemea kabisa anaweza kuingia kwenye kadi yao. Msilipe mara mbili.

5. Tenga pesa ya dawa siku ile ile malipo yanapoingia, kwenye akiba ya simu. Kemisti akiwa na till, mlipe moja kwa moja badala ya kutoa pesa kwa wakala na kukatwa ada.

Kama bado ni lazima uchague

Dawa ya kila siku ikiwa haipatikani dispensari, hiyo iende mbele, mchango ufuate. Ikiwa dispensari inayo na unalazwa mara kwa mara, mchango ndio utakaookoa mbuzi wako wasiuzwe.

Na kwa walezi: pesa zikiingia kwenye simu yako, mwonyeshe mwenyewe ujumbe na mpange pamoja. PIN ni yako peke yako, lakini dawa ni yake, na ana haki ya kujua zimebaki ngapi.