Jina Halifungi Bao

Tangu Ndanda ishuke Ligi Kuu mwaka 2020, kijiweni kwetu wimbo ni mmoja: staa wa zamani apewe timu!

Sawa. Abdallah Kibadeni aliitungua Yanga mabao 3 mwaka 1977, Simba ikaua 6-0. Mwaka 1993, sasa kocha, akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Lakini Charles Boniface Mkwasa, naye staa wa zamani wa Yanga, alikuwa benchi Taifa Stars ilipochapwa 7-0 na Algeria mwaka 2015. Na Mourinho? Uwanjani hakuvuma, ila mwaka 2004 aliipa Porto ubingwa wa Ulaya.

Kwa hiyo jamani, anayetaka benchi la Nangwanda Sijaona tusimuulize alifunga mangapi. Tumuulize amefundisha nani. Au nasema uongo?