Atoaye Nyumba Atoe na Ufunguo

Asubuhi moja ya mwaka 1909, katika mji wa New York, bwana mmoja aitwaye Harry Edmonds alikuwa akipita kwenye ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia. Akapishana na kijana wa Kichina, akamwamkia kama ilivyo desturi, kisha akaendelea na safari yake. Alipogeuka akamwona yule kijana amesimama pale pale. Akamrudia kumwuliza kulikoni. Kijana akamjibu ya kuwa tangu afike New York, majuma matatu yalikuwa yamepita, na yeye ndiye mtu wa kwanza kumsemesha.

Ndugu wasomaji, sisi tuliolelewa katika nchi hizi tukisikia habari hiyo twashangaa. Kwetu mtoto apitaye bila kuamkia hugombezwa, na mkubwa apitaye bila kuitikia husemwa vibaya kijiji kizima. Walakini hebu tujiulize: yule kijana alikosa nini? Hapana shaka alikuwa na chumba cha kulala, na masomo alikuwa akipata. Alichokosa ni mahali pa kukaa na wenzake, na mtu wa kumwuliza habari za nyumbani.

Bwana Edmonds hakuishia kusikitika. Yeye na mkewe walianza kuwaalika wanafunzi wa nchi za kigeni nyumbani kwao siku za Jumapili, wale pamoja na kuzungumza. Wageni wakazidi hata nyumba ikawa haitoshi, wakaunda chama. Mwishowe tajiri John D. Rockefeller Mdogo, mwana wa yule mfalme wa mafuta, akatoa fedha za kujengea nyumba kubwa. Ikafunguliwa mwaka 1924, ikaitwa International House, na ndani yake wakakaa zaidi ya wanafunzi 500, wazalendo na wageni, wanaume kwa wanawake. Nyingine ikajengwa Berkeley, California, mwaka 1930, na ya tatu Chicago mwaka 1932. Kule Berkeley zaidi ya watu 800 walikutana kupinga, kwa kuwa hawakutaka watu wa rangi mbalimbali walale chini ya paa moja. Mwandishi wa magazeti Delilah Beasley, mwanamke mweusi, alisimama mbele ya watu hao wenye hasira akaitetea nyumba ile. Ikajengwa, na ingali ipo.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu siku hizi wanafunzi wa zamani wa shule nyingi, wakiisha kupata kazi nzuri, hupenda kukumbuka vyuo vilivyowalea. Mmoja husema, "Tujenge bweni." Mwingine husema, "Tutafute wafadhili ng'ambo." Ni maneno mema, nami siyapingi. Lakini rai yangu ni hii: anayetoa nyumba kwa wanafunzi atoe vitu viwili pamoja na vitanda. Atoe baraza, yaani mahali pa kukaa pamoja. Na atoe ufunguo, yaani madaraka ya wakaaji juu ya nyumba yao. Kikikosekana kimoja, nyumba hiyo ni ghala la vitanda.

Najua wako watakaonijibu kwa methali, "Mchagua jembe si mkulima." Watasema ya kuwa mwanafunzi asiye na pa kulala ashukuru apewacho, kingine ni maringo. Jawabu langu li katika kisa cha Waafrika wenzetu waliosoma London kabla ya vita vya pili vya dunia.

Zamani zile mwanafunzi mweusi afikaye London alikuwa na taabu ya nyumba kuliko taabu ya masomo. Alibisha hodi mlango baada ya mlango, na kila mahali mwenye nyumba alipoiona sura yake alisema vyumba vimekwisha. Mwaka 1925 wanafunzi kutoka Afrika Magharibi, wengi wao wa sheria, waliunda chama chao kilichojulikana kwa jina la WASU. Kiongozi wao alikuwa Ladipo Solanke wa Nigeria. Jambo walilolitaka kuliko yote ni nyumba yao wenyewe. Mwaka 1928 Marcus Garvey aliwapa nyumba ya kutumia kwa muda, lakini nguo ya kuazima haisitiri, na muda ulipokwisha wakawa hawana kitu.

Hapo Solanke akafanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa zamani anayesoma ukurasa huu yafaa alifikiri. Alipanda meli mwaka 1929 akarudi Afrika Magharibi, akazunguka Nigeria, Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, Sierra Leone na Gambia, akiwaomba watu wachangie nyumba ya watoto wao walioko London. Safari hiyo ilichukua karibu miaka mitatu. Aliporudi, fedha zilitosha kuanzia, na mwezi wa Machi 1933 hosteli ya WASU ikafunguliwa katika mtaa wa Camden, Solanke akiwa ndiye mlezi wake.

Mwaka uliofuata, 1934, ikafunguliwa nyumba nyingine mjini London kwa ajili ya wanafunzi wa Kiafrika. Jina lake Aggrey House. Jina hilo ni la heshima kwetu pia, maana Dakta James Aggrey wa Gold Coast alipita katika nchi zetu za Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu, na mpaka leo uko Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, Dar es Salaam. Kwa mtazamo wa kwanza, nani angeikataa nyumba yenye jina kama hilo? Lakini WASU waliikataa. Walijua ya kuwa Wizara ya Makoloni ndiyo iliyokuwa nyuma yake, wakatangaza katika kijitabu chao ya kuwa hiyo ni njia ya kuwatawala wanafunzi, kuwachunga wasije wakasema siasa. Wakawaomba wenzao wasiingie.

Je, walikuwa watovu wa shukrani? Mimi naona sivyo. Hawakukataa msaada kwa kuwa ni msaada. Miaka michache baadaye walipatana na serikali, nayo ikaisaidia nyumba yao wenyewe, na mwaka 1938 wakahamia nyumba kubwa zaidi karibu na Camden Square. Walichokataa ni kuwa wageni katika nyumba iliyosemekana kuwa ni yao. Na mwisho wa mambo uliwashuhudia. Mwaka 1940 wakubwa hawakupendezwa na siasa zilizokuwa zikizungumzwa ndani ya Aggrey House, na nyumba ikafungwa. Aliyeshika ufunguo aliutumia. Hosteli ya WASU haikufungwa. Mwaka 1945 Kwame Nkrumah alipofika London aliikuta WASU ingali hai, akawa makamu wa rais wake, na miaka 12 baadaye akaiongoza Ghana kwenye uhuru. Pale mezani, baada ya chakula, vijana wa nchi nne walijifunza kubishana bila kugombana, kupiga kura na kutunza hesabu za fedha. Masomo hayo hayakuwa katika vitabu vya sheria walivyofuata Uingereza.

Huenda msomaji akasema ya kuwa mambo hayo ni ya ukoloni, nayo yamepita. Haya, na tutazame jambo la juzi. Mwaka 2016 tajiri wa Marekani, Charles Munger, aliahidi dola milioni 200 kukisaidia Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara kujenga bweni. Shida ilikuwa ya kweli. Mwaka 2021 chuo hicho kiliwapangishia mamia ya wanafunzi vyumba vya hoteli kwa kukosa nafasi. Bweni lenyewe lilikusudiwa kuwa na orofa 11 na kuchukua wanafunzi 4,500 hivi. Ila bwana yule alikuwa na sharti: lijengwe kwa ramani aliyoitaka yeye, na katika ramani hiyo vyumba vya kulala karibu vyote havikuwa na dirisha. Badala ya jua, mwanafunzi angewekewa taa iliyofanywa ifanane na dirisha.

Tusimwonee. Hakuwa mtu mbaya, wala hakusahau baraza. Yeye alifikiri ya kuwa vyumba vikiwa vidogo na visivyo na dirisha, wanafunzi watatoka nje wakae pamoja katika kumbi kubwa zenye mwanga. Alitaka wazungumze, jambo ambalo hata mimi nalitaka. Lakini baraza haijazwi kwa kumfukuza mtu chumbani mwake. Watu huja barazani kwa sababu pana wenzao, pana mazungumzo, na wanajua ya kuwa wakichoka watarudi mahali pao wapumzike. Oktoba 2021 Dennis McFadden, msanifu wa majengo aliyekuwa katika kamati ya chuo, alijiuzulu kwa ajili ya mpango huo. Wanafunzi nao wakapiga kelele. Mwaka 2023 chuo kikauacha mpango ule, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo Bwana Munger akafariki, akiwa na umri wa miaka 99. Fedha zilikuwapo, shida ilikuwapo, nia njema ilikuwapo. Na hata hivyo mpango ule haukutoa kitanda kimoja. Mtoaji hakutaka kuachilia kalamu.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Uganda, katika mabweni ya Makerere, liko moja liitwalo Nsibirwa, ambalo zamani liliitwa Northcote. Wengi hupita langoni bila kuuliza jina hilo ni la nani. Martin Luther Nsibirwa alikuwa Katikkiro wa Buganda. Mwezi wa Septemba 1945 ilipitishwa sheria ya kuwezesha ardhi kupatikana kwa kazi za umma, mojawapo ikiwa kupanua Makerere. Watu wengi waliichukia, kwa kuwa waliogopa ya kuwa ardhi yao itaishia mikononi mwa wageni, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga katika siku zile. Kesho yake, tarehe 5 Septemba, Nsibirwa alipigwa risasi kwenye kanisa kuu la Namirembe, akafa. Nalitaja jambo hili ili tujue ya kuwa nyumba ya wanafunzi ina watoaji wengi kuliko majina yaliyochongwa ukutani. Wako walioacha ardhi, wako waliolipa kodi, na yuko aliyelipa kwa roho yake. Basi anayelala humo si mgeni wa mfadhili mmoja.

Na siku hizi wengi wa wanafunzi wa Makerere hawalali ndani ya chuo hata kidogo. Wamepanga katika hosteli za watu binafsi huko Kikoni na Wandegeya. Siwalaumu wenye hosteli. Mfanya biashara huhesabu vitanda, ndiyo kazi yake. Lakini kijana akitoka kijijini, akaingia chumba cha kupanga, akafunga mlango, anaweza kuwa kama yule Mchina wa ngazini katikati ya maelfu ya watu. Kwa hiyo ninyi wanafunzi wa zamani mnaotaka kutoa, nawasihi mambo manne.

La kwanza, kabla hamjamwita fundi, waulizeni watakaokaa. La pili, kila fungu la fedha za vitanda liwe na fungu la baraza: ukumbi wenye meza, viti na magazeti, jiko la kupikia chai, na kivuli cha kukalia nje, na mlango wake uwe wazi kwa wale wanaopanga mitaani pia. La tatu, wekeni akiba ya matengenezo, maana paa likivuja hakuna anayekumbuka sherehe ya ufunguzi. La nne, masharti yenu yasemwe hadharani tangu mwanzo, na katika kamati ya nyumba wanafunzi wawe na viti na kura. Wala msingoje mpaka mtajirike. Nyumba ya Camden ilianza kwa michango ya watu walio mbali ambao wengi wao hawangeiona London maisha yao yote. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi ndugu zangu mlio bado madarasani, msidhani ya kuwa maneno haya ni ya wakubwa tu. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ukipewa ufunguo umepewa na jembe. Kiti kikivunjika ni chako, taa ikiwaka mchana ni yako, na hesabu za kamati zikipotea hutamwambia mfadhili. Anayetaka madaraka bila kufagia, huyo bado ni mgeni.

Tena iko kazi moja isiyongoja mfadhili wala kamati. Muhula ujao watakuja wanafunzi wapya katika shule hii, na baadhi yao hawatakuwa na mtu wanayemjua. Mwamkie mmoja, kisha usipite; simama umwulize anatoka wapi. Nyumba ile ya New York ilianzia hapo.